Kubana tundu kwa nusukipenyo: tathmini ya CalculiX, FreeCAD, Elmer na Code_Aster

Fundi anayepachika habu kwenye shafti anajua jambo ambalo kompyuta hailijui mpaka iambiwe: shafti hulizuia tundu la habu lisisogee kuelekea kwenye mhimili, lakini haiizuii habu kuzunguka wala kuteleza mbele na nyuma, kwa kuwa kazi hizo mbili ni za kabari inayokaa kwenye mfereji na kola inayokazwa ubavuni. Nilipopewa kazi ya kukagua habu ya ngoma ya korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, nililisahau jambo hilo kwa siku nzima. Nilichagua uso wa tundu, nikaweka sharti la kuufunga kabisa, nikapata picha yenye buluu tulivu, rangi ya mkazo mdogo, kila mahali, na nusura niandike kwamba habu ile ina nguvu kupita mahitaji. Kumbe nilichokikagua ni habu iliyochomelewa kwenye shafti, kitu ambacho hakipo katika mashine yoyote ya shamba lile.

Kosa lilikuwa langu, si la programu. Hata hivyo lilinifanya nizipime upya programu huria za elementi finiti ninazozitumia, yaani zile zinazoigawa sehemu kuwa wavu wa vipande vidogo (elementi) vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi na kukokotoa mkazo wake, kwa swali moja tu: ni kwa urahisi gani, na kwa uaminifu gani, ninaweza kuiambia nodi isogee au isisogee kwa mwelekeo wa nusukipenyo, huku mielekeo mingine miwili ikiachwa huru? Tathmini hii inahusu swali hilo peke yake. Uzuri wa madirisha, wepesi wa kuchora na mengineyo nitayagusa pale tu yanapoingilia sharti lenyewe.

Ili nisidanganywe na rangi, nilianza na kitu ambacho jibu lake linajulikana kabla ya kuwasha kompyuta, yaani silinda nene ya Gabriel Lamé, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 19. Nilichukua nusukipenyo cha ndani cha milimita 50 na cha nje cha milimita 100, feleji yenye moduli ya unyumbufu (kipimo cha ugumu wake) ya megapaskali, MPa, 200,000 na uwiano wa Poisson (kiasi inavyokonda ikivutwa) wa 0.3, ncha zote mbili zikiwa wazi. Shinikizo la MPa 60 likiwa ndani ya silinda hiyo, milinganyo ya Lamé hutoa namba za kupendeza: uso wa ndani unatanuka kwa milimita 0.0295, uso wa nje kwa milimita 0.0200, mkazo wa kuzunguka duara ni MPa 100 ndani na MPa 40 nje, na mkazo wa nusukipenyo ndani ni hasi 60. Ukivichanganya kwa kanuni ya von Mises, inayoigeuza mikazo yote kuwa namba moja ya kulinganisha na nguvu ya chuma, unapata MPa 140 kamili kwenye uso wa ndani. Mimi sikuweka shinikizo. Niliweka mhamo, yaani nililazimisha kila nodi ya uso wa ndani isogee milimita 0.0295 kutoka kwenye mhimili, kisha nikaiachia programu inirudishie ile 140. Ikirudisha, sharti limeeleweka. Isiporudisha, mmoja wetu amekosea.

Faida nyingine ya jaribio hili ni kwamba linamfichua haraka mtu asiyefikiri. Ukiandika 0.0295 kwenye kisanduku cha mwelekeo wa X bila kubadilisha mfumo wa koordineti, silinda nzima itahama kwa kiasi hicho kama debe linalosukumwa juu ya meza, na mkazo utakuwa sifuri kila mahali. Programu haitalalamika, kwa kuwa umeiomba isukume debe nayo imesukuma.

Ninaanza na CalculiX kwa sababu ndiyo inayokokotoa nyuma ya pazia katika programu nyingine mbili nitakazozitaja. Iliandikwa na Guido Dhondt, aliyeshughulikia kikokotozi, na Klaus Wittig, aliyeshughulikia sehemu ya kuandaa wavu na kutazama matokeo, na inatolewa kwa leseni huria ya GPL. Lugha ya faili lake inafanana sana na ile ya Abaqus, kiasi kwamba aliyewahi kuitumia programu hiyo ya kulipia hujikuta nyumbani. Sharti la nusukipenyo linaandikwa hivi:

*TRANSFORM, NSET=NDANI, TYPE=C
0., 0., 0., 0., 0., 1.
*BOUNDARY
NDANI, 1, 1, 0.0295

Mistari minne, basi. Mstari wa kwanza unasema kwamba kundi la nodi liitwalo NDANI litumie mfumo wa silinda. Wa pili una namba sita, nazo ni nukta mbili zilizo juu ya mhimili. Kuanzia hapo, kwa nodi hizo, mwelekeo wa 1 ni wa nusukipenyo ukitoka kwenye mhimili, wa 2 ni wa tanjenti, na wa 3 ni wa mhimili wenyewe. Kila nodi ina mwelekeo wake, uliokokotolewa kutokana na mahali ilipo hasa, si kutokana na umbo la elementi inayoizunguka, na hilo nitalirudia mbele kwa kuwa lina uzito. Nguvu zinazowekwa kwenye nodi kwa *CLOAD nazo hufuata mfumo huo huo, kwa hiyo mtu anaweza kusukuma kwa tanjenti na kupata msokoto bila kugawa nguvu kwa sini na kosini.

Ninachokipenda hapa ni kwamba nimesema mhimili uko wapi. Sikusema "wima wa uso", yaani mwelekeo unaosimama pembemraba juu ya uso, sikusema "kuelekea katikati", nimetaja nukta mbili. Ninachokichukia ni kwamba hakuna anayezikagua nukta hizo. Tundu likiwa halipo kwenye asili ya koordineti, tuseme kitovu chake kiko X=120, mstari sahihi ni 120, 0, 0 kisha 120, 0, 1. Siku moja nilibadilisha ile 120 ya kwanza nikaisahau ya pili, nikabaki na mhimili unaoanzia katikati ya tundu na kulala kuelekea asili kama mnazi uliopigwa na kusi. CalculiX iliupokea bila neno, ikakokotoa, ikamaliza. Nilichogundua ni kwamba tundu lilikuwa limetanuka upande mmoja zaidi ya mwingine, na ilinichukua muda mrefu kuzishuku zile namba sita nilizoamini nimeziandika vizuri. Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama mkazo wowote, natazama kwanza mhamo wa nodi nne za tundu, moja kila robo ya duara.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo ambalo limenipotezea muda kuliko yote. Kwa silinda nzima, sharti la nusukipenyo kwenye uso wote wa ndani linazuia silinda isihame kando na isipinduke, lakini linaiacha iweze kuzunguka juu ya mhimili wake na kuteleza kando ya mhimili huo. Matriki, yaani jedwali la milinganyo ambalo programu inalitatua, haiwezi kutatuliwa vizuri hali hiyo ikiachwa. Njia ya kwanza ni kuchagua nodi moja tu ya tundu na kuizuia kwa mwelekeo wa 2 na wa 3, na ukifanya hivyo vizuri nodi hiyo haitabeba nguvu yoyote, jambo ambalo ni kipimo kizuri cha usafi wa kazi. Njia ya pili, ambayo wengi tunaipenda kwa kuwa inapunguza wavu, ni kukata robo ya silinda na kuweka masharti ya ulinganifu kwenye nyuso mbili zilizokatwa: uso ulio kwenye X=0 usisogee kwa X, na ule ulio kwenye Y=0 usisogee kwa Y.

Hapo ndipo mtego ulipo. Nodi zilizo kwenye ukingo ambapo uso wa ndani unakutana na uso wa X=0 ziko kwenye makundi mawili kwa wakati mmoja. Zimekwisha kubadilishwa na *TRANSFORM, kwa hiyo kwao mwelekeo wa 1 si X tena bali ni nusukipenyo, ambao mahali hapo unaelekea Y. Unapoandika sharti la ulinganifu kwa kundi zima la X=0, ukisema mwelekeo wa 1 uwe sifuri, nodi zote za uso huo zinakuelewa vizuri isipokuwa zile za ukingoni, ambazo zinasikia kwamba nusukipenyo chao kiwe sifuri. Nazo zimekwisha kuambiwa kiwe 0.0295. Kwa mpangilio wa faili langu, sifuri ndiyo iliyoshika: uso wote wa ndani ulitanuka isipokuwa mstari mmoja wa nodi uliobaki umesimama palepale, na mkazo ukapanda juu ya mstari huo kwa namna ambayo mtu mvivu angeiita "mkusanyiko wa mkazo kwenye kona" na kuendelea na maisha. Kwenye ukingo wa pili, wa Y=0, hakukuwa na kasoro yoyote, kwa sababu pale mwelekeo wa tanjenti ndio Y yenyewe. Robo moja, kingo mbili, moja nzima na nyingine imeharibika. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa.

Dawa yake ni rahisi ukishaijua. Unaweka nodi za uso wa ndani na nodi zote za nyuso mbili zilizokatwa kwenye kundi moja, unalipa kundi hilo mfumo wa silinda, kisha unasema kwamba nyuso zote mbili zilizokatwa zisisogee kwa mwelekeo wa 2. Ulinganifu wa silinda ndivyo ulivyo hasa: hakuna anayevuka kwa tanjenti. Uso wa chini unazuiwa kwa mwelekeo wa 3, ambao haubadiliki kwa kuwa mhimili ni Z kwa mfumo wowote utakaouchukua. Nilipofanya hivyo, von Mises kwenye uso wa ndani ilikaribia 140 kadiri nilivyokaza wavu, na uso wa nje ukasogea milimita 0.0200 kama Lamé alivyoagiza.

Ipo na gharama iliyofichika. Ndani ya kikokotozi, sharti lililowekwa kwenye mfumo uliozungushwa hugeuzwa kuwa mlinganyo unaofunga mihamo ya X, Y na Z ya nodi hiyo kwa pamoja. Ukija tena kuifunga nodi hiyo hiyo kwa mlinganyo mwingine, kwa mfano kwa kuiunganisha na sehemu ya pili ya mashine, milinganyo hiyo hugombana. Kwa hiyo ninapounganisha sehemu, huacha safu ya nodi kati ya uso wenye sharti la nusukipenyo na uso wa kuunganisha. Vilevile mwelekeo wa nusukipenyo hukokotolewa kwa mahali nodi ilipoanzia. Mwili ukizunguka sana katika ukokotoaji wa mabadiliko makubwa ya umbo, mwelekeo ule haumfuati. Na nodi iliyo juu ya mhimili wenyewe, kama kwenye shafti isiyo na tundu, haina nusukipenyo cha kuzungumziwa, hivyo isitiwe kwenye kundi.

Kuhusu kusoma matokeo niseme kwa ufupi. *TRANSFORM inagusa nodi, si elementi. Anayetaka mkazo wa kuzunguka duara uandikwe kwa jina lake, badala ya kuutafuta ndani ya mikazo ya X na Y, anahitaji *ORIENTATION yenye mfumo wa silinda, na aandike mwenyewe GLOBAL=NO pale anapoomba matokeo, asitegemee chaguo la awali. Asiyetaka usumbufu huo atazame mikazo mikuu: katika jaribio letu mkubwa ni 100 na mdogo ni hasi 60, na hayo ndiyo ya duara na ya nusukipenyo.

Sasa FreeCAD, programu huria ya kuchora sehemu, ambayo ndiyo mlango ambao wengi wetu tuliingilia. Sehemu yake ya FEM, yaani ya elementi finiti, ina sharti la mhamo na, pembeni yake, kitu kinachoitwa Constraint Transform, kilichoingizwa tangu toleo la 0.17. Utaratibu ni kuweka kwanza sharti la mhamo juu ya uso wa tundu, kisha kuongeza ubadilishaji wa aina ya silinda juu ya uso uleule. Mpangilio huo hauna huruma: ukianza na ubadilishaji kabla ya mhamo, unaambiwa kwamba uso huo haubadilishiki. Katika matoleo niliyotumia, ubadilishaji mmoja unakubali uso mmoja tu. Tundu lililochorwa kwa nusu mbili, jambo la kawaida kwa michoro inayotoka kwenye programu nyingine kwa faili la STEP, linahitaji kushughulikiwa nusu kwa nusu.

Uzuri mkubwa wa FreeCAD ni kwamba mhimili unasomwa kutoka kwenye uso wenyewe. Ule mnazi wangu uliolala hauwezi kutokea humo, kwa kuwa hakuna mahali pa kuandika namba sita. Kasoro yake ni ileile ikigeuzwa upande: kwa kuwa huoni kilichoandikwa, hujui kilichoandikwa. Kisanduku bado kinaitwa X hata baada ya kuwa nusukipenyo, na mgeni anayelifungua faili lako mwezi ujao atasoma "X = 0.0295 mm" na kuamini macho yake. Ninamshauri kila anayeitumia afungue faili la inp ambalo FreeCAD inaliandika kabla ya kukokotoa, atafute neno TRANSFORM, asome nukta mbili za mhimili na aone ni makundi gani ya nodi yanayohusika. Ni kazi ya dakika mbili, na faili lenyewe ni maandishi matupu yanayofunguka kwa kihariri chochote.

PrePoMax, iliyoandikwa na Matej Borovinšek wa Chuo Kikuu cha Maribor nchini Slovenia, nayo inatumia CalculiX, na kwa kazi hii mahususi ninaiona nadhifu zaidi. Matoleo yake ya karibuni yanakuruhusu kutengeneza mfumo wa koordineti wa silinda kama kitu chenye jina, ukauona umechorwa juu ya sehemu yako, kisha ukauita jina hilo kwenye sharti la mpaka na tena kwenye matokeo. Mhimili unaoonekana kwa macho ni mhimili uliokaguliwa. Kwa anayetumia Windows na asiyehitaji kuchora sehemu kutoka mwanzo, ningempeleka huku kabla ya FreeCAD.

Elmer ya kituo cha CSC cha Ufini inalikabili jambo hili kwa mlango mwingine kabisa. Haikuulizi mhimili. Unaandika kwenye sharti la mpaka kwamba Normal-Tangential Displacement = True, na tangu hapo Displacement 1 ni mwelekeo wa wima wa uso, na 2 na 3 ni tanjenti mbili. Code_Aster, ambayo shirika la umeme la Ufaransa, EDF, limekuwa likiiendeleza tangu 1989 na kuitoa kwa leseni huria mwaka 2001, ina FACE_IMPO yenye neno DNOR kwa kazi ileile, na jina la kundi la nyuso linatosha. Kwa tundu la silinda, wima wa uso ni nusukipenyo, kwa hiyo unapata ulichokitaka kwa mstari mmoja, hata kama mhimili umeinama kwa pembe ya ajabu ambayo huna hamu ya kuikokotoa. Zaidi ya hapo, sharti hilo hilo linafanya kazi kwenye koni, tufe au uso wowote uliopinda, mahali ambapo mfumo wa silinda wa CalculiX hausaidii.

Lakini wima wa uso una upande. Unatoka nje ya chuma, na kwenye tundu, nje ya chuma ni kuelekea katikati. Kwa hiyo ile milimita 0.0295 ya kutanua tundu, ambayo kwa CalculiX ni chanya, kwa Elmer na kwa DNOR inapaswa kuwa hasi 0.0295. Mara ya kwanza niliandika chanya kwa mazoea, nikapata silinda iliyobanwa badala ya kutanuliwa. Na kwa kuwa von Mises haijui chanya wala hasi, namba ilikuwa 140 ileile, rangi zilezile, kila kitu kimepinduliwa. Ningeshangilia kama nisingetazama umbo lililokuzwa. Kwa Code_Aster kuna tahadhari ya ziada: upande wa wima unategemea jinsi nyuso za wavu zilivyopangwa, na kama wavu wako unatoka mahali ambapo mpangilio huo haukuzingatiwa, upitishe kwanza kwenye MODI_MAILLAGE ili nyuso zote zitazame upande mmoja.

Tena wima wa uso unatokana na wavu, si na mchoro. Hapa ndipo lile nililoahidi kulirudia. Elementi za daraja la kwanza, zenye kingo zilizonyooka, hulifanya tundu kuwa pembe nyingi. Nodi iliyo katikati ya vipande viwili hupata wastani wa wima zao, na kwa wavu uliogawanywa sawasawa wastani huo unaelekea pale pale kwenye nusukipenyo. Ila nodi ya ukingo wa robo iliyokatwa ina kipande upande mmoja tu, hivyo wima wake umeinama kwa nusu ya pembe ya kipande hicho. Robo iliyogawanywa vipande 10 ina vipande vya nyuzi 9, na kuinama kwa nyuzi 4.5 kunaupotosha mhamo wa ukingoni kwa takriban asilimia 0.3, ambayo naisamehe. Robo iliyogawanywa vipande 3 inainama nyuzi 15, na hapo upotovu unafika asilimia 3.5, nao siusamehe. CalculiX haina tatizo hilo, kwa kuwa inauliza nodi iko wapi na mhimili uko wapi, basi. Kwenye Elmer na Code_Aster natumia elementi za daraja la pili, ambazo kingo zake zinaweza kupinda, kwa tundu lolote, na wavu usiwe mkubwa kupita kiasi.

Kasoro nyingine ya Elmer kwa kazi hii ni kwamba tanjenti mbili inazichagua yenyewe, kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kwamba mwelekeo wa 2 ndio wa kuzunguka na wa 3 ndio wa mhimili. Kwa silinda nzima, kuizuia isizunguke kunakuwa kazi ya kubahatisha, na ndiyo maana kwa Elmer hukata robo. Code_Aster haina udhaifu huo, kwa kuwa masharti yanaweza kuongezwa kwenye nodi moja kwa X, Y, Z za kawaida bila kuathiriwa na DNOR ya jirani, kila sharti likishikwa kwa vizidishi vya Lagrange, yaani vigeu vya ziada vinavyobeba nguvu ya sharti hilo. Bei yake ni lugha: amri zake ni vifupisho vya Kifaransa, nyaraka zake za asili ni za Kifaransa, na Salome-Meca, inayoizunguka kama jiko linavyozungukwa na nyumba, ni mzigo mkubwa wa kupakua kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi. Rafiki zangu wa Lubumbashi na Bujumbura hawaoni tabu ya lugha. Mimi niliyesoma Tanzania nilihitaji kamusi kwa wiki mbili za mwanzo.

Kuhusu FEniCS na deal.II sitasema mengi, kwa kuwa ni maktaba za waandishi wa msimbo kuliko vyombo vya karakana. Kwenye deal.II kuna kazi iliyotengenezwa tayari, compute_nonzero_normal_flux_constraints, inayofunga wima wa uso kwa thamani unayoitaka. Kwenye FEniCS, sharti la kawaida la mhamo linashika X, Y au Z moja moja. Nusukipenyo unauandika mwenyewe ndani ya mlinganyo, aidha kwa mbinu ya Nitsche, inayolitia sharti ndani ya mlinganyo bila kuifunga nodi moja kwa moja, au kwa adhabu, yaani chemchemi ngumu inayovuta kila nodi irudi kwenye nusukipenyo chake. Chemchemi ikiwa laini, tundu linajipenyeza. Ikiwa ngumu mno, matriki inakuwa mbovu. Mwanafunzi wa hesabu atajifunza mengi humo. Mhandisi mwenye habu inayosubiriwa asijaribu.

Na kabla ya kuhangaika na lolote kati ya haya, mtu ajiulize kama sehemu yake pamoja na mizigo yake vinalingana kuzunguka mhimili wote. Kama vinalingana, hahitaji sharti la nusukipenyo hata kidogo. Anahitaji elementi za ulinganifu wa mhimili. CalculiX inazo za aina ya CAX, Elmer ina Axi Symmetric, Code_Aster ina AXIS, na katika zote X yenyewe ndiyo nusukipenyo na Y ndiyo mhimili. Silinda ya Lamé kwa njia hiyo ni mstatili mmoja mwembamba unaokokotolewa kabla hujamaliza kumeza chai.

Habu ya korona hailingani hivyo, kwa sababu ya mfereji wa kabari na visu vya ngoma vinavyogonga majani upande mmoja. Niliirudia kwa CalculiX kupitia FreeCAD: tundu kwa nusukipenyo sifuri, ubavu wa mfereji kwa tanjenti, bega la kola kwa mhimili. Picha ya buluu tulivu ilitoweka, na mkazo ukajitokeza pale fundi mwenyewe alipokuwa amenionyesha kwa kidole tangu siku ya kwanza, kwenye kona ya mfereji. Lakini nilipotazama nguvu za nodi za tundu niliona jambo lililonirudisha tena kazini: nusu ya tundu ilikuwa ikisukumwa na shafti, na nusu ya pili ilikuwa ikivutwa nayo. Sharti la nusukipenyo halijui kuachia. Linashika kwa kusukuma na linashika kwa kuvuta, wakati shafti iliyopachikwa bila gundi wala weldi, na bila kukazwa kwa presi, haiwezi kuvuta chochote.

Jibu kamili la hilo ni kuweka mgusano kati ya shafti na habu, na CalculiX inauweza, kwa gharama ya muda na ya mizunguko mingi ya ukokotoaji. Kwa habu hii nilichukua njia ya katikati. Nililifungua faili la inp, nikatengeneza kundi jipya lenye nodi zile tu zilizokuwa zikisukumwa, nikaliita NDANI kama lile la silinda ya majaribio, nikabadilisha nukta mbili za mhimili, zote mbili safari hii, na thamani ya mwisho nikaiweka sifuri. Wavu sikuugusa. Nodi chache za pembezoni bado zilivuta kidogo, nikaziondoa pia, nikakokotoa mara ya tatu, na mkazo wa kona ya mfereji ukapanda tena.

Sasa tunazungumza na fundi kuhusu kuiviringa kona hiyo.